Nani Atakwenda Naye?



Somo letu latoka katika Injili ya Yohana, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 9. Hapo twasoma habari za mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, naye alikuwa mgonjwa miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala la. Alieleza kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kila alipojikokota mwingine alimtangulia. Kisa hiki nilikifundisha shuleni miaka mingi, na kila mara nilikaza neno moja tu, yaani imani. Siku hizi nakaza na lingine. Maji yalikuwa karibu, lakini mgonjwa hakuwa na mtu.

Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa mnywaji wa mnazi. Alianza kwa kikombe cha jioni baada ya kusahihisha madaftari, akaishia kuficha chupa katika kabati la chaki. Jumapili moja baada ya ibada alinishika mkono mlangoni pa kanisa akaniambia, "Mwalimu, nasikia mjini wako watu wanaokutana ili kusaidiana kuacha pombe. Sijui ni wapi. Utakwenda nami tuwatafute?" Nilimjibu kwa upole kwamba amwombe Mungu na kujikaza, nami nitamwombea. Kweli nilimwombea, lakini sikwenda naye. Hakuniuliza tena. Tulipomzika tulisema ameuawa na ini, basi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua, nasi tulizidi kuficha hata baada ya kilio.

Watu aliowataka ndugu yule ni wa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, au kwa kifupi AA. Yafaa tujue kilivyoanza. Mwezi wa Mei 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu, biashara iliyomleta imeharibika, na kelele za baa zilimfikia. Aliogopa. Akatazama orodha ya makanisa, akapiga simu. Aliyempata ni Padre Walter Tunks, wa Kanisa la Kianglikana la huko Marekani. Padre hakumhubiria. Alimpa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo Bill akakutanishwa na Daktari Bob Smith, mlevi mwenzake. Daktari alikusudia kukaa naye dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo Daktari Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Angalieni basi: padre yule hakuwa na dawa ya ulevi, lakini alijua mlango wa kubisha.

Nasi tuujue mlango. Hapa Kenya mikutano ya AA iko Nairobi na katika miji mingine, na mingine hufanyika kwa simu na intaneti. Mamlaka ya serikali, NACADA, ina simu isiyolipiwa, nambari 1192, ambayo mtu aweza kuuliza msaada wa karibu. Katika mikutano ya AA hakuna ada. Sharti la kuingia ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Watu hutajana kwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa humo huachwa humo. Iko mikutano ya wazi, ambayo hata asiye mnywaji aweza kuketi na kusikiliza. Iko na ya faragha, ya wenye shida hiyo peke yao. Hapo msindikize mpaka mlangoni, umngoje nje. Wake, waume na jamaa za walevi wanacho chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951.

Neno moja la tahadhari. Anayekunywa kwa wingi kila siku asikatize ghafula akiwa peke yake nyumbani. Aweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Aonane na daktari kwanza. Kumpeleka hospitali si kukosa imani, kwa kuwa daktari naye ni mtumishi wa Mungu.

Huenda mtu akasema, "Kwetu kijijini hakuna mkutano." Akron nako hakukuwa na mkutano, palikuwa na watu wawili na chumba. Je, chumba cha mikutano cha kanisa letu hakiwezi kufunguliwa jioni moja kwa juma kwa ajili ya wawili au watatu, bila sisi wengine kuchungulia dirishani ili tujue ni akina nani?

Bwana wetu hakumngoja yule mgonjwa afike majini. Alimwendea pale mkekani pake. Wapendwa, Jumapili ijayo mtu akikushika mkono mlangoni, usiishie kumwambia kwamba utamwombea. Mwombee, kisha mwulize, "Twende siku gani?"

Mungu atupe miguu ya kwenda. Amina.