Tutoe Tukipendacho, Tusitoe Kilichotushinda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Limetufikia suala katika darasa letu. Ndugu mmoja ana motokaa ya zamani ya mbio, Datsun 240Z, ya namna ile iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena 1973. Aliipata ujanani, na sasa ni miaka mingi imesimama chini ya mkungu, imefunikwa turubali. Wanunuzi waja kuiulizia, kwani wapenda vitu vya kale wazitafuta sana motokaa hizi. Mwenyewe ataka kuitoa sadaka kwa skuli ya ufundi, vijana wa darasa la umakanika wajifunzie. Jamaa zake wasema: bora iuzwe, na pesa zake zinunue mazulia ya msikiti. Naye auliza, lipi aula?

Twasema: msikiti usio na zulia wala maji, huo una haki yake, na hapana wa kulikataa hilo. Wallakini misikiti mingi ya mji wetu imekwisha kutandikwa, na mingine hutandikwa zulia jipya na la zamani lingali zima. Na nje ya msikiti huo huo wamekaa vijana wetu barazani tangu alasiri hata isha, hawana kazi wala hawajui kazi. Ni nani aliye mhitaji zaidi, sakafu au kijana?

Tena tuna maradhi katika watu wetu, nayo ni kuidharau kazi itiayo mikono mafuta. Baba hufurahi mwanawe akikaa kwenye meza ya ofisi hata kwa mshahara mdogo, naye huona haya kusema mwanangu ni fundi wa motokaa. Haya hii yatoka wapi? Nabii Daud (A.S.) alifundishwa na Mola wake kutengeneza nguo za chuma za vita, na Qur'ani yalitaja jambo hilo kuwa ni neema. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Na katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Abu Dharr (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) mtumwa yupi aliye bora kumwacha huru, akajibiwa kuwa ni yule wa thamani kubwa zaidi na apendwaye zaidi na wenyewe. Akauliza, na nisipoweza? Akaambiwa amsaidie fundi, au amfanyie kazi asiyejua kuifanya. Tazama, ewe ndugu, jinsi mambo haya mawili yalivyokutana katika jawabu moja: kutoa kile kipendwacho, na kumsaidia mwenye kazi ya mikono.

Wala jambo hili si geni kwetu Mombasa. Chuo cha MIOME, kilichoasisiwa katika miaka ya 1940 ili kuwafundisha Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi, kilisimama kwa mali ya watoaji. Sheikh Khamis Mohamed bin Juma alitoa ardhi, na katika waliotoa fedha walikuwamo Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa watu wa dini zote, na hivi leo mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Basi akiuliza mtu, katika skuli hiyo kuna wasio Waislamu, je, sadaka yetu yafaa? Yafaa. Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita.

Wengine wamesema kuwa motokaa hii ni ya zamani mno, na ya leo yaendeshwa na kompyuta, basi kijana atajifunza nini? Tumewauliza mafundi. Wamesema kuwa injini ya petroli ni ile ile: yavuta, yabana, yawaka, yatoa moshi. Katika hii kuna silinda sita safu moja na kabureta mbili, na kila kitu chaonekana kwa jicho na chashikika kwa mkono. Kijana akiufahamu mwendo wake hapa, atakapoletewa ile ya kompyuta atajua kompyuta hiyo yaamrisha nini.

Sasa twarejea kwa mtoaji, na hapa ndipo penye uzito. Mwenyezi Mungu ametukataza tusikusudie kutoa kibovu, ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wako watu ambao wakichoka na chuma kibovu uani husema, wapelekeeni skuli. Huko ni kufagia ua, si sadaka. Ndugu yetu huyu hayumo katika hao, kwani aipenda. Lakini kupenda nako kuna mtego wake. Ametaka isharutishwe kuwa isikatwe, isipakwe rangi nyingine, na jina lake liandikwe mlangoni. Kitu kitakiwacho kufundishia hapana budi kifunguliwe. Giaboksi itakuwa vipande juu ya meza, na pengine kijana mjinga ataharibu uzi wa boliti. Abu Talha (R.A.) alipoitoa bustani yake ya Bairuha, aliyoipenda kuliko mali yake yote, alimwambia Mtume aiweke aonapo panafaa. Hakubakisha mkono wake ndani.

Na aibu zake azieleze. Petroli iliyokaa miaka hugeuka utando mzito, basi tangi likaushwe kwanza. Breki na klachi za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Mwalimu aambiwe mapema, wala vijana wasilipulize kwa upepo.

Yamebaki ya fiqhi. Sadaka hii haihesabiwi katika zaka, kwani zaka ina watu wake wanane waliotajwa. Akiwa na deni lililokwisha kufika wakati wake wala hana cha kulilipia, alipe kwanza. Akitoa naye ni mzima, ni mali yake; akingoja maradhi ya mauti au akiusia, haipiti thuluthi pasipo ridhaa ya warithi. Ama kuiweka wakfu, vitu vya kuchukulika vyafaa wakfu, na Khalid bin Walid (R.A.) aliziweka deraya zake katika njia ya Mwenyezi Mungu. Lakini kitu cha wakfu hakiuzwi, na injini ifunguliwayo na kufungwa kila muhula itakwisha. Kwa hivyo twaona bora aitoe sadaka ya moja kwa moja, na hati ya umiliki igeuzwe kwa jina la skuli, ili siku itakapokuwa haifundishi tena mwalimu aweze kuliuza bodi lake na kununua spana. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.