Je, Ni Halali Kununua Nafasi ya Kazi?



Swali hili huulizwa mara nyingi katika vijiji vya kandokando ya Fungurume, hasa baada ya mavuno ya mahindi, vijana wanapofunga mizigo yao kwenda kutafuta kazi machimboni. Mtu huja, ana simu mbili na maneno matamu, asema: “Nipe dola mia kadhaa, nami nitatia jina lako katika orodha.” Kijana hana fedha. Ana shamba alilogawiwa na mjomba wake, na mbuzi watatu. Je, auze? Na akiuza, ametenda haki?

Wengine hujibu upesi kwamba ni vibaya, wakanyamaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi baba ambaye watoto wake hulala bila bukari. Tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza tuulize: yule mtu auza kitu gani? Mwenye kuuza mbuzi huuza mbuzi wake. Mwenye kufanya kazi ya mshahara huuza nguvu zake mwenyewe. Lakini nafasi ya kazi si mali ya yule anayeandika majina. Yeye amewekwa pale, tena analipwa, ili achague mtu afaaye. Akiiuza, auza kitu cha wengine: cha mwenye kampuni aliyemwamini, na cha kijana mwingine aliyejifunza kuchomelea vyuma miaka 3, akangoja mlangoni tangu alfajiri, akarudi kwao bila kujua kwa nini jina lake halikuitwa. Kijana huyo hatumwoni, ndiyo maana twamsahau kwa urahisi. Wala madhara hayaishii hapo. Aliyenunua nafasi ya kuendesha gari kubwa la kubebea mawe, naye hajui kuliendesha, atahatarisha roho za wenzake siku moja mteremkoni. (Nasema haya nikidhani kwamba orodha ipo kweli. Wako wengi wenye simu mbili wasio na orodha yoyote.)

Hapo mtu atasema: “Mwalimu, mimi nafaa. Nimejaribiwa, nikashinda. Sasa karani azuia karatasi yangu mpaka nimpe matabishi. Je, mimi ni sawa na yule asiyejua lolote?” La, si sawa. Msafiri aliyezuiwa na wanyang'anyi akawapa mfuko wake, hatumwiti mwizi. Yeye ametoa kilicho chake ili apewe kilicho chake. Lakini ajihoji kwa unyofu, maana kila anayelipa hujiona amelazimishwa. Ajiulize hivi: kama fedha zingeondolewa mikononi mwa watu wote, pamoja na zangu, je, jina langu lingekuwamo katika orodha? Likiwamo, karani ndiye mwenye kosa. Lisipokuwamo, basi nimemlipa amnyang'anye mwenzangu kwa ajili yangu, hata kama sikumwona mwenzangu huyo. Na yule wa kwanza naye asikimbilie kulipa. Atafute kwanza shahidi, awaendee wajumbe wa wafanyakazi au mkaguzi wa kazi wa serikali, kwa kuwa sheria ya nchi humwadhibu mtoaji pamoja na mpokeaji, na hakimu hatasikiliza kwa urahisi kwamba alilazimishwa.

Uko upande mwingine ambao wauzaji wa nafasi hawautaji kamwe: nafasi hiyo itadumu siku ngapi?

Wazee wetu waliifanyia kazi Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha Gécamines baada ya serikali kuyatwaa machimbo mwaka 1967. Walipewa nyumba, shule, hospitali, hata unga. Walidhani ni mlima usiotikisika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa karibu 30,000 tu. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mara moja, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Mwaka 2008 tani moja ya shaba kule London iliuzwa zaidi ya dola 8,000 mwezi wa Julai. Mwezi wa Desemba ilishuka hata chini ya 3,000, na machimbo mengi ya Katanga yakafunga au yakapunguza watu. Mgodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamishwa Novemba 2019 baada ya bei ya kobalti kuanguka, ukafunguliwa tena baadaye. Hapa Fungurume penyewe mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 2009. Wamarekani wakawauzia Wachina sehemu yao mwaka 2016. Na tangu Julai 2022 mali yake ilizuiwa kutoka nchini kwa miezi mingi kwa sababu ya ugomvi na Gécamines. Februari 2025 serikali ikasimamisha kobalti yote isipelekwe nje, na Oktoba ikaweka vipimo kwa kila kampuni.

Katika mambo hayo yote, hakuna mchimbaji aliyeulizwa neno. Basi kijana aliyeuza shamba ili aingie kazini amebadilisha kitu kilicho mikononi mwake kwa kitu kilicho mikononi mwa watu asiowajua. Najua kwamba mashamba nayo hayana amani kwetu, kwa kuwa machimbo huyasogelea. Hata hivyo shamba halimwachishi mtu kazi kwa barua.

Kujitayarisha, kwa maoni yangu, ni kutafuta kile kitakachobaki chako hata ukiachishwa. Ufundi hubaki. Mwenye kujua kuchomelea, au umeme, au kutengeneza injini, hufanya kazi machimboni leo na sokoni kesho. Kusoma mkataba kwa Kifaransa hubaki. Usipojua, tafuta atakayekusomea kabla ya kutia sahihi, wala si baada. Vyeti vya shule na kadi ya mpiga kura vihifadhiwe pasipo mvua wala mchwa, ukachukue nakala tu safarini. Jiandikishe katika ONEM, ofisi ya taifa ya kazi. Siku hizi wengi huajiriwa na kampuni ndogo zinazoitumikia kampuni kubwa, basi uliza tangu mwanzo ni nani hasa atakayekulipa.

Uwe pia na daftari. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yasema kwamba kibarua aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi 2, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho uliowekwa. Nani atazihesabu siku hizo usipoziandika wewe? Na kazi ikiisha, kwa sababu yoyote, mwajiri lazima akupe cheti cha kazi uliyoifanya na muda wake. Wengi huondoka kwa hasira bila kukidai, kisha huanza upya mahali pengine kama watu wasiojua kitu.

Labaki swali la yule aliyekwisha kulipa. Kama ameingia, naye aiweza kazi, simwambii aiache na kuwatesa watoto wake. Kama haiwezi, nayo ni kazi ya hatari, aombe kubadilishwa leo, kabla hajamwumiza mtu. Kama alilipa asipate kitu, ana haki ya kudai fedha zake, kwa kuwa mdanganyifu hana haki ya kuzishika. Lakini wengi huona haya, wakakaa mjini wakisema kwamba wanangojea kuitwa. Afadhali arudi amwambie mjomba wake wazi kwamba shamba limeuzwa, kabla ya mvua za Novemba, ili familia itafute mahali pengine pa kupanda.