Kigeuze Uone Chini

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana Nsambya, barazani kwa mmoja wetu. Kikundi chetu cha kazi za mikono kina watu kama ishirini: wengi ni akina mama kutoka Kivu na Ituri, Warundi wachache, na sisi vijana wanne. Mimi nafanya kazi na vijana, kusuka sijui. Kazi yangu pale ni daftari: nani ameleta nini, kimeuzwa bei gani, nani ana deni la uzi.

Ile siku kila mtu anatandaza kazi yake mkekani. Mashuka yaliyodariziwa maua, mikoba ya vitenge, shanga za karatasi, sweta za watoto, vikapu. Halafu vitu vinapita mkono kwa mkono. Kikapu hakisifiwi kabla hakijageuzwa chini juu, maana kikapu kinaanzia kitakoni. Pale nyuzi za mgomba zinapoanza kuzungushwa na kushonwa kwa rafia, ndipo utajua kama msukaji alikuwa na haraka. Shuka nalo linageuzwa ili mafundo ya nyuma yaonekane. Shanga zinaguswa kwa ukucha kujua kama vanishi imekauka. Watu hawafichani. “Hapa ulisinzia, mama,” mmoja atasema, wote watacheka, na mwenyewe atacheka, akifika nyumbani anafumua.

Mwaka jana alikuja mgeni aliyekuwa anatafuta vitu vya duka la ng'ambo. Akatuambia kila kitu kiwe na kikaratasi chenye picha na hadithi ya aliyekitengeneza, kwa sababu wanunuzi wa kule wanapenda kujua pesa yao inamsaidia nani. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika Kiingereza, kazi ikawa yangu. Nikaandika vikaratasi kumi na vinne usiku mmoja, haraka haraka, juu mgeni alikuwa anarudi Jumamosi. Cha mama mmoja wa vikapu niliandika kwamba vita vilimuua mume wake, na kila kikapu kinamsaidia kusahau.

Asubuhi akaniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma. Akanyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, mume wangu alikufa na ugonjwa wa sukari, hapa hapa Kampala. Na mimi nikisuka simsahau. Ile ndiyo saa ninamkumbuka.”

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia vita ndivyo vilivyowatoa kwenu, mkakosa pesa ya dawa, kwa hiyo ni kama vita vilimuua. Nilisema hivyo, “ni kama,” na nikasikia aibu kabla sijamaliza. Akaomba kikaratasi kitolewe. Vitu vya wenzake vyenye vikaratasi vilienda. Vikapu vyake vitatu vilibaki mkekani, na mwezi ule alikuwa na deni la nyumba la miezi miwili.

Kwa msomaji aliye Nakivale au Kyaka, nieleze kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini mkimbizi anayeishi Kampala anahesabiwa kuwa anajitegemea, hapati mgao wa chakula kama makambini. Vikapu vitatu kubaki mkekani si jambo la heshima tu. Ni unga na kodi. Kwa hiyo swali langu si la watu walioshiba: mtu akinunua kikapu kwa sababu ya huzuni ya aliyekisuka, amenunua nini? Na nani alikuwa na haki ya kumuuzia?

Nilipouliza hivyo kikundini, dada mmoja anayeshona mikoba alinikatiza. “Wewe una mshahara. Mimi nilivuka Bunagana na watoto wawili na hadithi yangu, basi. Kwenye usajili nimeisimulia bure. Kwa polisi bure. Hospitali bure. Kila anayekuja na fomu, bure. Leo nimepata mtu wa kunilipa, ndiyo unaniambia ni aibu?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona ana haki. Hadithi ni yake. Akitaka kuiuza, mimi ni nani nimfungie duka?

Tena, hadithi inaweza kufungua mlango kweli. Kule Acholi Quarter, upande wa Banda na Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda walikuwa wakivunja mawe machimboni. Wengi walijifunza shanga za karatasi: karatasi inakatwa vipande virefu vya pembetatu, inaviringishwa kwenye sindano, inatiwa gundi, inapakwa vanishi. Mwaka 2004 likaanza shirika la BeadforLife, na shanga za wanawake wa Kampala zikafika Marekani pamoja na habari za waliozitengeneza. Sitadharau pesa iliyotoka huko. Ila leo shanga za namna hiyo zimejaa kwenye maduka ya zawadi ya Kampala, na mnunuzi anachagua kwa rangi. Siku hiyo inapofika, shanga lazima isimame yenyewe.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Kikapu ukikiuza kimeondoka. Unaanza kingine, na cha pili kinaweza kukishinda cha kwanza. Hadithi ukiiuza haiondoki. Unabaki nayo, na mnunuzi anataka ibaki vile vile alivyoipenda. Ukianza kupata nafuu, bidhaa yako imeharibika. Yule niliyemwandika mjane wa vita atapigwaje picha akicheka? Mtoto wake akisoma kile kikaratasi baada ya miaka kumi, atamwamini baba yupi?

Kuna la pili. Mwenye huruma hageuzi kikapu. Kiwe kimenyooka, kiwe kimepinda, kwake ni bei moja, kwa sababu hakuja kwa ajili ya kikapu. Anaonekana mkarimu, lakini zile siku nane za kukaa na rafia mikononi hajaziona. Yule mama mkali wa pale barazani, anayesema “hapa ulisinzia,” yeye ameziona zote nane. Zamani nilidhani ule ni ukali tu. Siku hizi naona ni heshima ambayo wakimbizi tunaikosa sehemu nyingi: mtu kukuchukulia kwamba unaweza kufanya vizuri zaidi.

Kosa langu halikuwa kusimulia tu. Nilichukua maisha ya mtu nikayanyoosha yafae kuuzwa, bila kumuuliza. Ninyi mnaoandika ripoti na kupiga picha mtanielewa, maana mimi pia nilikuwa na nia njema na saa chache.

Tulikubaliana hivi. Mwenye kazi ndiye anayesema kikaratasi chake kiandikwe nini, anasomewa kwa lugha yake kabla hakijafungwa, na siku yoyote akitaka anakitoa. Dada wa mikoba bado ana hadithi yake, kwa maneno yake mwenyewe, na inauza. Mama wa vikapu aliniambia niandike: “Mgomba na rafia. Siku nane. Kigeuze uone chini.”

Vyake vinatoka polepole. Sitadanganya kwamba ukweli umemlipia kodi. Lile deni alilimaliza kwa kufua nguo za watu.

Lakini mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja Mganda, akasoma kikaratasi, akakigeuza kikapu kweli. Akapitisha kidole kitakoni, akasema kimekaa upande kidogo, apunguziwe. Mama akakichukua, akakitazama kwenye mwanga, akasema ni kweli, akapunguza elfu tatu. Nikaandika daftarini: kikapu kimoja, shilingi 22,000. Alikuwa amepoteza elfu tatu, na siku nzima aliwasimulia wenzake jinsi yule mwalimu alivyoliona kosa.