Kijana Aliyejibu "Ndiyo"

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na hadi leo wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kubeba mizigo ya abiria. Mmoja wao namtungia kisa, ingawa wenzake wa kweli wapo.

Ana miaka 16. Alipokuwa na miaka mitatu malaria ilimpanda kichwani, akashikwa na degedege, akazirai. Akapona; ndivyo walivyosema nyumbani, maana alitembea na kusalimia wakubwa vizuri. Shuleni hakushika kitu. Alichapwa kwa uvivu hadi akaacha.

Siku moja begi la abiria likapotea stesheni.

"Wewe ndiye uliyeiba?"

"Ndiyo, afande."

"Ulimpa nani?"

"Ndiyo, afande."

Jibu hilo la pili lilitosha kumfanya askari aweke kalamu chini. Hakuiweka. Maelezo ya onyo yakaandikwa, kijana akatia dole gumba, na kwa kuwa ana mwili mkubwa, umri ukaandikwa 19.

Tarakimu hizo mbili zilimvua kinga zote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama ichunguze umri, inampa afisa ustawi wa jamii nafasi katika shauri la mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Yeye alisomewa shtaka kama mtu mzima. Alitabasamu, kama afanyavyo kila asipoelewa, na hakimu akaona dharau. Akakiri. Akafungwa mwaka mzima, huku mama yake akiwa benchi la nyuma na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyemwita. Wiki mbili baadaye begi lilipatikana Kigoma. Lilikuwa limesahaulika ndani ya behewa.

Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri miaka miwili baadaye. Jeraha hilo halina kovu usoni, na Tabora ni nchi ya malaria. Kwa hiyo namsihi kila afisa ustawi, kuanzia Urambo hadi Nzega, aanze na mama: mtoto aliwahi kupata degedege? Alizirai? Ukimtuma vitu vitatu dukani, hurudi na vingapi? Kisha amwombe kijana asimulie tukio kwa maneno yake mwenyewe, pasipo swali hata moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo.