Haki ya Rafiki Aliyekufa

Amefariki mjomba wangu wa Kizingo, aliyenizidi umri kwa miaka thelathini na zaidi, naye kwangu alikuwa mjomba na rafiki pamoja. Mambo mawili haya hayakutani sana, kwani mkubwa hupenda kuheshimiwa kuliko kujulikana. Yeye, baada ya Alasiri, hunichukua mpaka pale ufukweni penye mibuyu, tukala mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu, tukitazama meli ziingiazo Kilindini. Hapo hunieleza makosa yake bila ya kuona haya, na yangu hunieleza bila ya kunihurumia.

Siku ya maziko nililia, na wako walioniangalia kwa jicho la kunikanya, kana kwamba machozi nayo ni bidaa. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu. Lililokatazwa ni mayowe na kupasua nguo.

Ikaja khabari ya arubaini. Jamaa walitaka khitima ya pilau, na fedha zenyewe za kukopa. Nikakataa, nikawatolea dalili: kwamba Jarir bin Abdillah, naye ni sahaba, amesema kuwa kukusanyika kwa wafiwa na kupikwa chakula huko walikuwa wakikuhesabu ni katika maombolezo, na kwamba alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliamrisha wafiwa wapikiwe na watu. Sisi tumeligeuza, wafiwa ndio wawapikiao watu! Jamaa wakanyamaza. Mama yangu, dadake marehemu, akaniuliza: "Sawa, mwanangu, pilau hamtaki. Basi ninyi mtamkumbuka kwa nini?"

Sikuwa na jawabu. Miaka mingi nimekataza khitima juu ya mimbari, wala sikupata kuulizwa swali hilo.

Jawabu limo katika vitabu tusomavyo kila siku. Mtume, baada ya kufa Bibi Khadija, alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama mashoga zake Khadija. Na Abdullah bin Umar alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyempanda na kilemba alichokivaa. Wenziwe wakastaajabu, kwani bedui huridhika na kidogo. Akawajibu kuwa baba wa mtu yule alikuwa mpenzi wa baba yake Umar, na katika wema mkubwa ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake.

Na hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alifariki mwaka 1947 naye ni Kadhi Mkuu. Jamaa yake na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alishika kazi ile ile ya kufunza na kuandika, na mwaka 1972, robo karne baada ya maziko ya mwalimu wake, akatoa gazeti la Sauti ya Haki. Mimi naona hiyo ndiyo khitima aliyomsomea, ijapokuwa najua wako watakaolichukia neno langu.

Mjomba alikuwa na sahibu yake, baharia mzee akaaye Kuze, asiye na mke wala mtoto, ambaye miguu haimchukui tena. Kila Ijumaa baada ya sala mjomba humwendea na kahawa na kashata. Siku ile ya arubaini, nilipokuwa nikijisifu moyoni kwamba nimeizuia bidaa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwisha kumjulia hali mzee yule.

Nilimwendea Ijumaa iliyofuata. Khabari ya kifo aliipata kwa muuza kahawa. Akaniuliza kama mjomba amekufa hali ya kuwa amemkasirikia, kwa kuwa jamaa zake hawakumpelekea mtu.

Nikamwambia la, kosa ni letu. Nikamimina kahawa, tukakaa mpaka ikaadhiniwa Alasiri.