Wimbo wa Bwana na Kiingilio cha Mlangoni



Barua imefika parokiani ikiialika kwaya yetu kuimba katika Kenya National Theatre, pamoja na vikundi vingine vya muziki, kabla ya Majilio. Watakaoingia watalipa kiingilio. Barua yenyewe ni fupi na ya heshima, lakini tangu iliposomwa pamoja na matangazo ya Jumapili, watu wamegawanyika. Vijana wamekwisha kuanza mazoezi. Baadhi ya wazee wanasema jambo hili halifai kabisa. Hata sisi tunaoandika ukurasa huu hatukukubaliana hapo mwanzo, na kwa sababu hiyo tumeona vyema kulitazama swali pamoja nanyi: Je, ni haki wimbo wa Mungu uimbwe jukwaani mbele ya watu waliolipa?

Kwanza tuusikie upande wa wanaokataa, tena kwa heshima. Mzee wetu mmoja alituambia hivi: wimbo wa kanisa ni sala, na sala haina bei. Tena kanisani sote twaimba, mwenye sauti na asiye na sauti. Kule wachache wataimba na wengine wataketi kuwatazama na kuwapigia makofi. Mtu aliyezoea makofi, akirudi mahali pasipo na makofi, ataimba kwa ajili ya nani? Neno hilo si la kupuuzwa, na hatujapata jibu jepesi la kumpa.

Wengine hulilaumu jumba lenyewe, kwamba ni mahali pa dunia. Ni kweli halikujengwa kwa ajili ya ibada, wala halikujengwa kwa ajili ya wengi wetu. Lilifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Wakati ambapo wazee wetu walikuwa wakikamatwa na kupelekwa vizuizini, pale ilichezwa michezo ya Kiingereza, na wengi wa walioketi vitini walikuwa Wazungu. Lakini mwaka 1976, juu ya jukwaa lile lile, ulichezwa mchezo wa habari za Dedan Kimathi, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Kuta zilikuwa zile zile. Waliobadilika ni watu walioingia, na yaliyobadilika ni maneno yaliyosemwa.

Maandiko nayo yana habari ya jumba la michezo. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, watu wa Efeso walikimbilia katika jumba lao kwa ghasia, wakiwakamata Gayo na Aristarko. Paulo alitaka kuingia kwa watu wale. Wanafunzi wakamzuia, na hata wakuu kadhaa wa Asia, waliokuwa rafiki zake, wakampelekea neno asiende. Yaonekana walihofia usalama wake. Haikuandikwa popote kwamba jengo lile lingemtia mtume unajisi.

Na tusidhani kwamba swali hili limezaliwa kwetu. Wengi wenu mnaijua Haleluya ya Handel, ambayo kwaya zetu huiimba Krismasi na Pasaka. Ni sehemu ya kazi yake kubwa iitwayo Messiah. Kazi hiyo iliimbwa rasmi mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742 katika mji wa Dublin, nchi ya Ireland. Haikuimbwa kanisani, bali katika ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble, na walioingia walilipa. Waimbaji wanaume walitoka katika makanisa makuu mawili ya Kianglikana ya mji ule. Dean Jonathan Swift, mkuu wa mojawapo, alikuwa amewakataza waimbaji wake wasiende kuimba katika ukumbi ule, baadaye wakaruhusiwa. Mmoja wa waimbaji wanawake, Susanna Cibber, alikuwa mwigizaji ambaye kesi za mahakamani juu ya ndoa yake zilikuwa zimemfedhehesha huko London. Basi mnaona kwamba hofu zetu zote zilikuwako siku ile: mahali, fedha, na watu wa kutiliwa shaka.

Lakini tazameni yaliyotokea. Zilipatikana kama pauni 400, zikagawanywa kati ya hospitali mbili za maskini na watu waliokuwa gerezani kwa madeni. Wafungwa 142 walifunguliwa. Tena kabla ya siku yenyewe, wanawake waliombwa waje bila yale matao yaliyovaliwa ndani ya magauni ili kuyatanua, na wanaume waliombwa waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Wakaingia kama 700.

Habari hiyo ya panga na magauni imetufikirisha sana. Watu wakubwa waliombwa kupunguza nafasi yao wenyewe ili jirani apate kuketi, kabla hata sauti ya kwanza haijasikika. Twaona hapo ndipo lilipo swali letu hasa. Tukiuliza tu kama ni kanisani au ni jumbani, tutakosea, maana mwaka uliofuata kazi ile ile iliimbwa katika jumba la michezo la Covent Garden, London, na watu wakalalamika magazetini kwamba mahali hapafai. Tena kuanzia mwaka 1750 iliimbwa katika kanisa la Foundling Hospital, nyumba ya watoto waliotupwa, na humo kanisani pia watu waliingia kwa tiketi. Fedha zikawalisha watoto.

Nabii Amosi, mlango wa 5, atuambia kwamba Mungu alichoshwa na kelele za nyimbo za watu wake. Nyimbo zile hazikuwa za jukwaani. Zilikuwa za ibada, nazo zilikataliwa kwa sababu maskini walidhulumiwa mlangoni. Basi sisi tujiulize kwa unyofu: Je, kanisani kwetu hakuna kiingilio? Twajua wapo wakaao nyumbani Jumapili kwa kukosa nguo ya kuvaa. Wapo wanaokwepa siku ya harambee kwa aibu ya bahasha tupu. Na siku hiyo mwenye bahasha nene huitwa mbele kwa jina lake, na kwaya humwimbia. Hayo nayo ni makofi, ingawa twayaita shukrani.

Kwa hiyo sisi twasema kwaya iende, ila twaomba mambo manne.

La kwanza, kila awezaye anunue tiketi mbili, moja yake na moja ya jirani asiyeweza kununua. Tusiende kujaza viti kwa watu wa nguo nzuri peke yao.

La pili, sehemu ya fedha itakayokuja kwa kwaya isiwe ya majoho mapya. Tunajua majoho yamechakaa. Lakini wako watu walio gerezani kwa makosa madogo kwa sababu tu hawakuwa na fedha za kulipa faini. Fedha hizo ziwalipie hao, na hesabu isomwe mbele ya kanisa, shilingi kwa shilingi.

La tatu, wakisha kuimba zao, wanakwaya wasitoke. Waketi wawasikilize wengine, hata wenye nyimbo tusizozizoea, kwa utulivu ule ule walioutaka wao. Kumsikiliza mtu kwa moyo wote ni kumpenda, nako kunatupasa popote.

La nne ni kwa ajili ya neno la mzee wetu. Jumapili itakayofuata, kwaya isikae mbele. Wakae katikati yetu bila majoho, kila mmoja karibu na mtu asiyejua kuimba, waimbe nasi. Hapo kila mwimbaji atajua moyoni mwake alikuwa akimwimbia nani.

Mzee wetu tulimsomea maneno haya kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji. Bado hajakubali, nasi hatumlazimishi. Ametuomba jambo moja tu: kwamba siku ya kwenda, kabla ya kupanda gari, kwaya isimame naye kidogo mlangoni mwa kanisa wasali pamoja. Tumemwahidi itakuwa hivyo, nasi twawaomba ninyi nyote mfike.

Bwana atusaidie tumpe jirani nafasi ya kuketi. Amina.