Huruma yenye kununua



Katika miji yetu wako watu wanaofuga nyama wa pori ndani ya lupango: kasuku, kima, hata mutoto wa sokomutu. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inamulinda sokomutu kabisa. Hakuna mutu wa kumufunga nyumbani kwa kupenda tu.

Lakini kuna swali gumu. Mutu anamuona mutoto wa sokomutu sokoni, amefungwa kamba, anatetemeka kwa njaa. Akimununua kwa huruma, ametenda vema? Wengi wanajibu: ndiyo, amemuokoa.

Sisi tunasema: tuhesabu yote. Sokomutu haachi mutoto wake. Ili kumupata, muwindaji anamuua kwanza mama, na mara nyingi wale wanaokuja kumutetea. Feza ya mwenye huruma inanunua risasi za safari ya pili. Mumoja amepata maziwa, wengine wanapata kifo.

Kupita bila kununua kunauma sana. Lakini tusipite kimya: tuwaambie wakubwa wanaolinda nyama. Makimbilio ya Lwiro, karibu na Bukavu, na ya J.A.C.K., kule Lubumbashi, yanapokea wale ambao Leta imewanyanganya watu.

Basi tusizarau karatasi ya ruhusa. Inauliza neno moja: nyama huyu ametoka wapi? Zamiri nayo inauliza vilevile. Karatasi inaweza kupatikana kwa matabishi. Jibu la kweli haliwezi.